Mtu Mzima si Mtoto wa Darasa la Kwanza
Maoni juu ya mafundisho ya wakatekumeni watu wazima

Mwanachuo anayemaliza masomo yake na kupangiwa shule ya kijijini hudhani kwamba kazi yake itakwisha kila siku kengele ya mwisho inapolia. Haipiti miezi mingi kabla hajajua kwamba alikosea. Katika kijiji kama Chiungutwa, wilayani Masasi, mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayeombwa kuandika muhtasari wa mkutano, kumsomea mgonjwa maelezo ya dawa, na kukagua hesabu za mauzo ya korosho. Na ikiwa mwalimu huyo ni Mkatoliki, upo uwezekano mkubwa kwamba jioni moja katekista wa kigango atabisha hodi na kusema: "Mwalimu, tunao watu wazima wanaotaka kubatizwa. Wewe umesomea kufundisha. Njoo utusaidie."

Ombi hilo ni jema, na hatuoni sababu ya kulikataa. Lakini tunaona hatari ndani yake. Mwalimu kijana huchukua yale aliyozoea kuwafanyia watoto, akayapeleka mazima mazima kwa watu wenye umri wa baba yake na bibi yake. Makala hii inakusudia kueleza mambo ambayo mwalimu huyo ayatazamie, na kutoa maoni yetu juu ya jambo moja: mafundisho ya wakatekumeni watu wazima yasipimwe kwa wingi wa maneno waliyokariri.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yetu tuliombwa kusaidia katika kigango kimoja. Miongoni mwa waliokuja alikuwamo mzee mmoja, mkulima, asiyejua kusoma. Alihudhuria bila kukosa. Siku ya marudio tulimwita asimame mbele na kusema kwa moyo Kanuni ya Imani. Alianza vizuri, akakwama katikati, akarudia mwanzo, akakwama palepale. Watoto waliokuwa wakichungulia dirishani wakacheka. Sisi hatukuwakemea; tulimwambia mzee akae chini, akajifunze zaidi. Akasema, "Ahsante, mwalimu," akaketi. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile iliyofuata. Tulipomwendea nyumbani alitupokea kwa heshima, akatupa kiti, akatuuliza habari za shule. Habari za mafundisho hakuzitaja tena hata siku moja.

Mzee yule hakuikataa imani. Alikataa kuaibishwa mbele ya wajukuu zake, na hatuwezi kumlaumu.

Wanaokuja ni nani?

Jambo la kwanza la kutazamia ni kwamba darasa hili halitakuwa na watu wa namna moja. Atakuwamo kijana anayetaka kufunga ndoa na binti Mkatoliki. Atakuwamo mama aliyeuguzwa katika hospitali ya misheni ya Ndanda, akaondoka na swali moyoni. Atakuwamo bibi ambaye watoto wake wote wamebatizwa, naye hapendi kuzikwa mbali nao. Atakuwamo mtu anayekuja kwa sababu rafiki yake anakuja. Mwalimu asidharau sababu yoyote kati ya hizo. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika kitabu kuhusu jambo hilihili yapata mwaka 400. Alikiandika kwa ajili ya shemasi mmoja wa Karthago, aliyelalamika kwamba mafundisho yake yanamchosha yeye mwenyewe na kuwachosha wanaomsikiliza. Augustino alimshauri aanze kwa kumwuliza mtu ni jambo gani lililomleta, kisha ajenge somo lake juu ya jibu hilo, hata kama sababu yenyewe si safi. Alimshauri pia ampe kiti msikilizaji aliyechoka kusimama, na afundishe kwa furaha. Ni ushauri wa zaidi ya miaka 1600, nao haujachakaa.

Katika nchi ya Masasi kuna jambo la pili la kuangaliwa. Misheni ya Waanglikana ilianza hapa mwaka 1876, wakati Askofu Steere alipowaleta watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini nao walifika kusini mwishoni mwa karne ile. Vituo vyao vya Nyangao na Lukuledi viliharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Kwa hiyo baadhi ya wanaokuja kwetu wamekwisha kubatizwa katika Kanisa la Anglikana. Hao si wakatekumeni, na ni makosa kuwaita hivyo. Ubatizo haurudiwi. Wao hupokelewa katika ushirika kamili wa Kanisa kwa kuungama imani, baada ya matayarisho yanayowafaa. Mwalimu anayewachanganya na wasiobatizwa, akawafundisha kana kwamba hawajapata kumjua Kristo, anawakosea wao na anawakosea wazazi wao waliowalea.

Safari yenye vituo

Watu wengi, hata Wakristo wa siku nyingi, hudhani kwamba mafundisho ni masomo kadhaa, mtihani, kisha maji. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 kwamba ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, ukiwa na hatua zake, kama ulivyokuwa katika Kanisa la kale. Utaratibu wenyewe ulitolewa Januari 1972, mwaka uleule ambao Jimbo la Mtwara lilianzishwa. Yafaa mwalimu aujue, maana atakayefundisha bila kuujua atakuwa kama mtu anayeongoza wenzake katika njia ambayo hajaipita.

Kwanza kuna kipindi cha kuulizana na kusikiliza Habari Njema. Hapa hakuna mtu anayefungwa na ahadi yoyote. Kipindi hiki hufungwa kwa ibada ya kupokelewa: wanaoomba husimama mlangoni pa kanisa, huulizwa wanataka nini, na hutiwa alama ya msalaba katika paji la uso. Tangu hapo wao ni wakatekumeni, na Kanisa huwahesabu kuwa watu wa nyumba yake. Akifa mmoja wao kabla ya Ubatizo, huzikwa kwa ibada ya Kikristo. Bibi tuliyemtaja hapo juu aelezwe jambo hilo mapema, apate utulivu.

Kipindi cha pili ni ukatekumeni wenyewe, nao waweza kuchukua mwaka mmoja au zaidi. Cha tatu huanza Dominika ya kwanza ya Kwaresima, majina ya wateule yanapoandikwa. Katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano hufanyika ibada za kuwaombea watakaswe na kutiwa nguvu, nao hukabidhiwa Kanuni ya Imani na sala ya Baba Yetu. Kilele chake ni Mkesha wa Pasaka: Ubatizo, Kipaimara na Ekaristi katika usiku mmoja. Kipindi cha nne hufuata Pasaka hadi Pentekoste, ambapo wabatizwa wapya huzidi kuelewa yale waliyopokea. Kipindi hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa zaidi. Watu hubatizwa usiku wa Pasaka, na Jumapili inayofuata hakuna anayewauliza hali.

Ndugu mwanachuo, angalia jinsi mambo haya yalivyopangwa. Mtu haendi mbele kwa sababu kitabu kimekwisha. Huenda mbele kwa sababu yeye mwenyewe amebadilika, na wenzake wameyaona mabadiliko hayo. Ndiyo maana mafundisho hayafanywi na mwalimu peke yake. Padre, katekista, msimamizi na jumuiya ndogo ndogo wote wana sehemu yao. Mwalimu ni mmoja wao, tena si mkubwa wao.

Wenyeji wanaijua elimu ya namna hii

Wapo wanaosema kwamba utaratibu huo ni mgeni, na kwamba watu wa vijijini hawawezi kuufuata. Sisi tunasema kinyume. Wamakonde, Wamakua na Wayao wa Masasi na Newala wanaifahamu tangu zamani elimu inayotolewa kwa hatua. Katika jando na unyago kijana hutengwa, hupewa mtu wa kumwangalia, hufundishwa kwa nyimbo na kwa vitendo, kisha hurudishwa nyumbani akiwa mtu mwingine, na kijiji kizima hushangilia. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Waanglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, aliona jambo hilo, akaruhusu jando lifanywe kwa namna ya Kikristo. Mtaguso nao ulisema kwamba katika nchi za misioni yale ya desturi za unyago wa wenyeji yanayopatana na ibada ya Kikristo yaweza kupokewa.

Hatusemi kwamba jando na Ubatizo ni kitu kimoja, wala kwamba kila kilicho katika jando kinafaa. Tunasema kwamba mzee aliyepita jandoni anajua maana ya msimamizi kuliko mwalimu kijana anayemweleza neno hilo kutoka kitabuni. Mwalimu amwulize mzee: "Yule aliyekuangalia wakati ule alikufanyia nini?" Akishajibu, somo la wasimamizi limekwisha kuanza, na aliyelianza ni mzee mwenyewe.

Juu ya kukariri

Tunajua kwamba wapo wenzetu watakaotupinga hapa. Husema: "Wazee wetu walifundishwa kwa maswali na majibu ya katekisimu, wakayashika kichwani, na imani yao ilikuwa imara kuliko yetu. Mtu asiyejua sala atasali nini?" Hoja hii ina uzito, nasi hatuitupi. Sala ya Baba Yetu sharti ijulikane. Ishara ya msalaba sharti ijulikane. Maneno yaliyokaa moyoni humsaidia mtu siku ya msiba, wakati akili imechoka kutafuta maneno mapya. Tena watu wasiosoma mara nyingi wana kumbukumbu kali kuliko sisi tunaotegemea daftari.

Tunachopinga ni kukariri kugeuzwa kuwa mlango ambao asiyeupita hukaa nje. Watu wakishaufahamu wimbo na maana yake, maneno hukaa yenyewe. Waimbe Baba Yetu kila wanapokutana. Baada ya wiki chache hutahitaji kumwita mtu asimame mbele. Na kwa wazee wale waliosifiwa, tukumbuke kwamba hawakufundishwa kwa maswali na majibu tu. Wamisionari wa Afrika, waliofika Uganda mwaka 1879, walipewa na Kardinali Lavigerie kanuni ya miaka minne ya matayarisho, na katika miaka hiyo mwenendo wa mtu uliangaliwa nyumbani na shambani. Hata hivyo mwaka 1886, siku za dhuluma, Karoli Lwanga aliwabatiza Kizito na wenzake kadhaa kabla ya muda huo kutimia, na Juni 3 wakachomwa moto Namugongo. Hakuna aliyewauliza kama wamemaliza kitabu.

Mfano mwingine uko karibu nasi. Julius Nyerere alianza kusikia mafundisho akiwa mwanafunzi wa shule huko Musoma, lakini alibatizwa Desemba 1943, akiwa na umri wa miaka 21. Naye alikuwa mtu wa kuelewa vitabu upesi. Kama kukariri kungetosha, angebatizwa miaka mingi kabla ya hapo.

Nyerere huyohuyo, akiwa Rais, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Masasi ikawa mojawapo ya wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971. Katika nchi nzima, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Mtihani wa mwaka 1975 ulionyesha asilimia 39. Walimu wa shule za msingi ndio waliobeba sehemu kubwa ya mzigo ule. Fundisho lililobaki ni kwamba mtu mzima hujifunza upesi anapoona jambo linagusa maisha yake, na huacha kuja mara anapodharauliwa.

Saa, msimu na maji

Mwalimu atazamie mahudhurio yasiyo sawa. Kuanzia Oktoba watu wako kwenye korosho. Mvua zikianza wako shambani. Mwenye kuweka rejista ya darasa hili kama ya Darasa la Nne, na kumwondoa mtu aliyekosa mara tatu, atabaki na rejista peke yake. Katika uwanda wa juu wa Makonde mchanga hunywa maji ya mvua upesi, na wanawake wamezoea tangu zamani kushuka mabondeni kuyafuata. Maji ya bomba yalianza kusukumwa juu katika miaka ya 1950, lakini mwanamke wa vijiji vingi bado huipanga siku yake kwa kufuata maji. Akichelewa, mwalimu asimwulize "Kwa nini umechelewa?" Amkaribishe, na aliyekaa jirani amweleze kwa kifupi yaliyopita.

Tena maji yenyewe ni somo. Injili ya Dominika ya tatu ya Kwaresima, wanaposomewa wateule, ni ya mwanamke Msamaria kisimani. Tunapendekeza andalio la namna hii. Zana: ndoo moja na kata. Hatua ya kwanza, mwalimu aulize ni nani anayejua taabu ya maji, kisha anyamaze. Wanawake watasema, na wanaume watasikia mambo ambayo huenda hawakupata kuyasikia. Hatua ya pili, Injili isomwe polepole mara mbili. Hatua ya tatu, waulizwe: mwanamke huyu alikuja kutafuta nini, na aliondoka na nini? Kwa nini aliuacha mtungi wake? Hatua ya nne, kimya kifupi na sala. Ubao hauhitajiki. Asiyejua kusoma hataachwa nyuma hata kidogo, na pengine ndiye atakayefika mbele ya wote.

Mahali ambapo mwalimu anyamaze

Yatakuja maswali ambayo si ya mwalimu kujibu. Mwanamume mwenye wake wawili atauliza afanye nini. Mwanamke aliyeolewa na Mwislamu atauliza kama ndoa yake itavunjika. Kijana aliyekwisha kuishi na mwenzake atauliza juu ya mahari na cheti. Haya yanagusa watoto, chakula na heshima ya watu ambao hawako darasani. Jibu moja la haraka laweza kumtoa mama nyumbani kwake bila haki. Mwalimu aseme waziwazi: "Jambo hili ni la padre, nitakwenda nawe kama ukitaka." Kisha aende kweli, na asilifanye kuwa mazungumzo ya ofisi ya walimu.

Tena kuna mpaka mwingine. Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi zilizokuwa za misheni zikawa za serikali, nazo ni za watoto wa dini zote. Mwalimu anayefundisha wakatekumeni jioni ni yuleyule ambaye kesho asubuhi atamfundisha hesabu mtoto wa Mwislamu. Mzazi huyo asipate hata siku moja sababu ya kudhani kwamba alama za mtoto wake zinategemea dini yake. Imani ya mtu mzima hutakiwa iwe ya hiari, na atakayetumia cheo chake cha ualimu kumvuta mtu anaiharibu hiari hiyo.

Mwisho

Basi mwanachuo atazamie nini? Atazamie watu wachache, wanaokuja kwa sababu mbalimbali, wakiwa wamechoka na kazi. Atazamie mwendo wa polepole na maswali magumu. Atazamie kufundishwa yeye mwenyewe, hasa juu ya msiba, uvumilivu na ujirani, mambo ambayo chuoni hatukumpa. Apange viti kwa duara, wala asiketi mahali pa juu kuliko wengine. Asimsimamishe mtu mbele ili kumpima. Akitaka kujua kama mkatekumeni amejifunza, amwulize msimamizi wake, na jirani zake: je, amepatana na ndugu yake waliyekuwa hawasemezani? Je, anamwangalia mgonjwa wa nyumba ya pili?

Mzee tuliyemwambia akae chini alikuwa akiwasaidia mayatima wawili wa jirani, akiwapa chakula kutoka shamba lake. Tulikuja kulijua jambo hilo baadaye, kwa watu wengine. Katika miezi yote aliyokaa mbele yetu hatukupata kumwuliza.